Gasketi ya hedi iliungua, lakini mkosaji alikuwa hita ya bloku

Asubuhi ile baridi ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri, na gari liliwaka mara moja bila kukohoa. Nikajipongeza. Hita ya bloku ilikuwa kwenye umeme usiku kucha, nami nikaamini imefanya kazi yake.

Kwa asiyeishi kwenye baridi ya namna hiyo: hita ya bloku ni koili ndogo ya umeme inayokaa ndani ya bloku ya injini, mara nyingi kwenye tundu la kizibo kimojawapo cha pembeni. Inazama kwenye maji ya kupozea, yaani kulanti, na kuyapasha moto ili oili isigande kama asali na injini isisumbue kuwaka. Kinachozuia maji yasitoke pale ilipoingia ni oringi moja ya mpira, nyembamba kuliko kidole cha mtoto. Hiyo oringi ikumbuke.

Nilikuwa nimekwenda kama kilomita 15 hewa ya moto ndani ya gari ilipogeuka baridi. Nikaongeza feni, nikailaumu hali ya hewa. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulipanda kidogo kupita kawaida, kisha ukaporomoka hadi chini. Nikafurahi, eti injini imepoa! Kumbe kihisi cha joto hupima kile kinachokigusa tu. Maji yalikuwa yamekwisha, kikabaki kinapima hewa. Na ile hewa baridi miguuni ilikuwa habari ileile, kwa sababu hita ya ndani ya gari hutumia maji hayohayo. Dakika chache baadaye injini ikaishiwa nguvu, mvuke ukatoka kando ya boneti. Nikazima.

Nilimpigia shemeji yangu, ambaye amefungua injini nyingi kuliko mimi nilivyofungua vitabu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimemwaga maji ya baridi kwenye injini ikiwa bado moto. Nilikuwa nimeshashika chupa.

“Shemeji, weka hiyo chupa chini. Na usiwashe tena, hata kwa kujaribu.”

Gari likavutwa hadi gereji. Walipojaza maji na kuliwasha kidogo, moshi mweupe wenye harufu tamutamu ukatoka kwenye ekzosti. Fundi akaweka kwenye mdomo wa rejeta kile kipimo chenye dawa ya buluu, na dawa ikageuka njano. Maana yake gesi za kwenye silinda zinaingia kwenye maji. Hapo hapakuwa na ubishi, gasketi ya hedi, yaani ile inayoziba kati ya bloku na hedi (kifuniko cha juu cha silinda), imekwenda. Chini ya kifuniko cha oili palikuwa na utando mweupe kama maziwa, ingawa huo peke yake usikutishe wakati wa baridi, kwani safari fupifupi huuleta kwa unyevu tu. Kilichosema kweli ni kijiti cha oili, nacho kilitoka kisafi. Angalau maji hayakuwa yameingia kwenye oili.

Fundi alitaka tubadilishe gasketi, tufunge, niondoke. Alikuwa ameusukumia mfumo presha ya bar 1, mshale wa kipimo cha presha ukashuka polepole, na nje hapakuwa na tone hata moja. Kwake ilikuwa wazi kwamba maji yanapitia kwenye gasketi. Mimi nilibaki na swali moja: gasketi iliungua kwa sababu maji yalikwisha, au maji yalikwisha kwa sababu gasketi iliungua? Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeongeza kulanti mara mbili. Na ile swichi ya usalama ya umeme ilikuwa imejizima mara mbili usiku. Nikadhani ni theluji iliyoingia kwenye ekstensheni, nikaikung'uta na kurudisha swichi. Kosa hilo ni langu, sina wa kumsingizia.

Nikaomba gari lilale nje. Fundi aliniangalia kama mtu aliyekosa usingizi, lakini akakubali. Alfajiri, kabla jua halijagusa chuma, tukasukuma presha ileile ya bar 1 huku mimi nimelala chini na tochi. Haikupita dakika tatu. Tone la kijani likajikusanya chini ya kichwa cha hita, likaning'inia, likateleza kwenye waya na kudondoka. Likafuata jingine. Gereji ilipokuwa na joto, mpira ulikuwa umelainika na kuziba vizuri. Kwenye baridi ulisinyaa na kukakamaa, maji yakapata njia.

Tulipochomoa soketi ya waya pale kwenye hita, ndani mlikuwa na ukoko mweupe wenye ukijani. Nikatoa multimita, kile kipimo cha umeme. Koili yenyewe ilisoma omu 104, na hita ya wati 500 kwenye volti 230 inatakiwa kuwa karibu 106, kwa hiyo ilikuwa nzima. Lakini kati ya pini ya umeme na chuma cha hita, mahali ambapo hapatakiwi kusoma chochote, nilipata omu kama 5,000. Kulanti ilikuwa imejenga daraja la umeme. Basi swichi haikuwa na wazimu, ilikuwa inanipa taarifa nami naikung'uta.

Kazi ya hedi nilimwachia fundi. Alilaza rula ya chuma juu yake, akapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mapengo, na pengo la katikati likawa milimita 0.12. Kiwango cha mtengenezaji kwa injini yangu hakizidi 0.05. Ikapelekwa kuskimiwa, yaani kusawazishwa kwa mashine, ikarudi, ikafungwa na gasketi mpya na boliti mpya, maana zile za zamani hutanuka mara moja tu.

Hita niliibadilisha mwenyewe. Nilisugua tundu mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu chembe moja ya kutu inatosha kuinua oringi, nikapaka mpira grisi ya silikoni, nikahakikisha koili haigusi ukuta wa bloku. Baada ya kujaza kulanti sikuchomeka umeme siku hiyo. Hewa ikibaki kuizunguka koili, hita inaungua hata kabla haijazoea nyumba. Niliwasha injini kwanza, nikaiacha mpaka thamostati, vali inayoruhusu maji ya moto kwenda kwenye rejeta, ikafunguka na mapovu yakaisha kwenye tangi la akiba, ikapoa, nikaongeza maji. Ndipo usiku uliofuata nikaichomeka.

Nililaza kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi nyuzi zilikuwa 24 chini ya sifuri, boksi kavu, multimita haisomi kitu kati ya pini na chuma. Bado nalilaza boksi hilo kila usiku wa baridi kali. Mke wangu anasema nimepata mtoto mwingine anayehitaji shuka.