Nilivyobadilisha inveta ya sola nyumbani Khayega

Ukiingia duka lolote la vifaa vya umeme mjini Kakamega uulize bei ya inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vyombo vya nyumbani, utaulizwa kwanza, "Unataka ya wati ngapi?" Ni swali la maana, ila mimi naliweka la tatu. La kwanza ni chombo gani nyumbani kwako kinachovuta umeme mwingi zaidi pale kinapowaka. La pili ni betri zako zitakuwa za volti ngapi. Ukishajua hayo mawili, wati zinajitokeza zenyewe. Naandika kwa ajili ya mtu aliye na sola ndogo ya taa na runinga, kama niliyokuwa nayo, ambaye sasa anataka imfanyie kazi kubwa zaidi.

Sola yangu ya kwanza ilikuwa ya volti 12: paneli mbili juu ya mabati, betri moja ya asidi ya ampea-saa 200, na inveta ya wati 1000. Kwa kazi niliyoinunulia ilitosha kabisa. Taa zote za nyumba, runinga, simu za watoto, redio ya mama mkwe. Stima ya laini tunayo pia, lakini huku kwetu mawingu hukusanyika alasiri sehemu kubwa ya mwaka, radi zikianza kupiga, stima inapotea, na kurudi kwake hujui ni saa ngapi.

Mambo yalibadilika biashara ya vifaranga iliposhika. Mashine ya kutotolea mayai inataka joto la nyuzi 37.5 usiku na mchana kwa siku 21. Stima ikipotea saa mbili usiku na isirudi hadi asubuhi, mayai yanapoa na vifaranga vinafia ndani ya ganda, na mteja aliyelipa arubuni anakuja kukuta trei imejaa mayai yasiyototoa. Juu ya hiyo mashine kuna friji ya maziwa na pampu ya kisima ya nguvu ya farasi moja. Nilitaka vyote vitatu viendeshwe na jua, na stima ya laini ibaki ya akiba.

Ushauri niliopewa na wengi ulikuwa ninunue inveta kubwa zaidi ya volti 12 niifunge kwenye betri ileile. Hesabu ndiyo iliyonizuia. Inveta ya wati 3000 kwenye volti 12 inavuta ampea 250 kutoka kwenye betri. Kwenye volti 24 ni ampea 125. Kwenye volti 48 ni kama 63 tu. Ampea 250 zinataka waya wa shaba mnene kama kidole gumba, na pale waya unapofungwa kwenye betri, nati ikilegea kidogo tu panachemka hadi plastiki inayeyuka. Tena upotevu wa umeme kwenye waya haupungui sawasawa na ampea, unapungua kwa mraba wake: ukishusha ampea hadi robo, joto linalopotea kwenye waya uleule linashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Kwa hiyo niliamua kuhamia volti 48 moja kwa moja, badala ya kupitia 24 halafu baada ya miaka michache nihame tena. Volti za betri ndizo zinazokufunga: ukishazichagua, inveta, chaja na betri zote lazima zizifuate.

Kuna jambo jingine ambalo inveta yangu ya zamani isingeliweza hata ningeiongezea betri kumi. Inveta nyingi za bei ya chini hutoa umeme unaoruka kwa ngazi, si ule unaopanda na kushuka taratibu kama wa laini. Taa na chaja ya simu havijali. Mota inajali. Friji ikilishwa umeme wa ngazi hutoa mngurumo usio wa kawaida na kompresa yake hupata moto kuliko inavyotakiwa, na kidhibiti joto cha mashine ya mayai kinaweza kuanza kusoma vibaya. Ukienda dukani, uliza kama inveta ni ya "pyua sain" (pure sine wave), yaani ya umeme huo wa taratibu, kwani mafundi wote wanalijua jina hilo, na usome pia maandishi ya kwenye boksi kwa macho yako. Kwa nyumba yenye friji, pampu au mashine ya mayai, sioni sababu ya kufikiria aina ile nyingine hata kidogo.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Nilitafuta kimita kile cha kuchomeka kwenye soketi, nikakiweka kwenye friji kwa siku nzima, halafu kwenye mashine ya mayai, halafu kwenye runinga na kile kisanduku cha intaneti. Friji ilikula uniti 1.1 kwa siku. Mashine ya mayai, ambayo hita yake huwaka na kuzima, ilikula 1.5. Taa, runinga na vitu vidogo vilifika 0.9. Pampu ikifanya kazi kama dakika 45 kwa siku ni kama 0.75. Jumla uniti 4.25. Ni uniti zilezile unazonunua kwa tokeni, kila moja ikiwa wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo hata mtu asiyependa hesabu anaweza kuzielewa.

Pampu hatukuipima kwa kimita hicho, kwa sababu kimita hakioni kinachotokea mwanzoni kabisa. Fundi alikuja na mita ya kubana, ile yenye mdomo unaoushika waya bila kuukata, akaiweka itunze kipimo cha juu zaidi, akaniambia niwashe swichi. Namba iliruka hadi ampea 22, kisha kufumba na kufumbua ikashuka na kutulia kwenye 4.5.

"Mama, hii inayotulia usiisumbukie," akaniambia. "Angalia ile iliyoruka."

Ampea 22 kwa volti 240 ni volti-ampea zaidi ya 5,000, ambazo unaweza kuzichukulia kama wati. Pampu inayokula kama kilowati moja ikishazunguka ilikuwa imedai karibu mara tano ya hiyo ili ianze kuzunguka. Inveta isiyoweza kubeba mruko huo itazima nyumba yote, mashine ya mayai ikiwemo.

"Sasa nikinunua ya kilowati tano itaibeba?"

"Itaibeba, maana hiyo huvumilia mara mbili yake kwa sekunde chache. Lakini usiwashe pampu kama pasi ya umeme imewashwa."

Hapo ndipo nilipojua wati ninazotaka, na zilitoka kwenye kisima, si kwenye orodha ya dukani.

Dukani nikakutana na aina mbili. Kuna inveta nzito zenye transfoma kubwa ya shaba ndani, na kuna nyepesi zisizo nayo. Zile nzito huvumilia mruko wa mota kwa muda mrefu zaidi, na mtu mwenye mashine ya kuchomelea vyuma au pampu mbili tatu ningemshauri azichukue. Lakini ni ghali, na kwa kawaida hula umeme mwingi zaidi hata kama hakuna kilichowashwa. Mimi nina pampu moja, naiwasha saa sita mchana jua likiwa kali, basi nikachukua nyepesi.

Huo umeme inaokula yenyewe watu wengi hawauhesabu. Inveta ninayoitumia imeandikwa kwenye kijitabu chake kwamba hutumia wati 50 ikiwa imewaka bila mzigo. Zidisha kwa saa 24: uniti 1.2 kila siku, zaidi ya friji yangu! Kwa hiyo mahitaji yangu halisi si 4.25 bali kama 5.5. Ndiyo maana simshauri mtu mwenye taa tano na runinga anunue inveta ya kilowati tano "ili asije akajuta". Atalisha inveta kuliko anavyoilisha nyumba.

Soma pia kama namba kubwa ya kwenye boksi ni kVA (volti-ampea elfu) au kW (kilowati). Inveta ya kVA 5 yenye kipimo cha 0.8 (kinachoitwa "power factor", unachozidisha kVA ili upate kilowati) inatoa kilowati 4 tu. Nyingine ya kVA 5 yenye kipimo cha 1 inatoa kilowati 5 kamili. Nilionyeshwa zote mbili zikiwa zimepangwa rafu moja.

Ninayoitumia ni haibridi: inapokea paneli, betri na stima ya laini kwa pamoja, na chaja ya sola ya aina ya MPPT, ile inayojirekebisha yenyewe ili ivune umeme mwingi zaidi kutoka kwenye paneli, imo ndani yake. Angalia kwa makini volti inazokubali kutoka kwenye paneli. Yangu inakubali hadi volti 500, lakini haianzi kufanya kazi vizuri chini ya 120. Nilifunga paneli sita za wati 550 kwa mfululizo. Kila moja ikiwa haina mzigo hutoa kama volti 50, kwa hiyo sita ni kama 300, na hata asubuhi ya baridi volti zinapopanda kidogo tuko mbali na kikomo. Paneli zangu mbili za zamani za volti 12 zisingeweza kuingia humo. Zimebaki na inveta ile ya zamani, zinawasha taa za banda la kuku.

Betri ndiyo iliyokula karibu nusu ya pesa zote. Nilichukua ya lithiamu, ya volti 51.2 (huhesabiwa kwenye kundi la 48) na ampea-saa 100, yaani uniti 5.12. Betri ya asidi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, lakini hii ya lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 au 90 yake. Usiku wangu wote, kuanzia jua kutua hadi kuchomoza, haufiki uniti 3. Hakikisha tu kwamba betri na inveta zinaongea, maana kuna waya mdogo wa mawasiliano kati yake, na si kila betri inaelewana na kila inveta. Nilikataa kulipa kabla fundi hajaniwashia zote mbili nikaona asilimia ya betri kwenye kioo cha inveta.

Na sasa radi. Magharibi ya Kenya radi si hadithi, anayeishi Kakamega au Kisii hahitaji kuelezwa. Nilidai vizuia mruko wa umeme upande wa paneli na upande wa stima ya laini, na fimbo ya shaba izikwe ardhini, fremu za paneli zote zifungwe kwake. Breka za upande wa paneli na betri ziwe zimeandikwa DC, yaani za umeme unaokwenda upande mmoja tu. Breka ya kawaida ya nyumba hutegemea umeme wa laini kupita sifuri mara nyingi kila sekunde ili cheche ife. Umeme wa paneli haupiti sifuri, kwa hiyo cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka hiyo hadi nyumba ishike moto. Mtu akikuambia breka ni breka, mshukuru, utafute fundi mwingine. Omba kuona leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kabla hajapanda juu ya mabati, na uangalie daraja lake, kwani fundi wa sola ndogo ya betri moja na fundi wa haibridi hawana leseni moja.

Inveta yenyewe tuliifunga kwenye ukuta wa matofali ndani ya stoo, si chini ya mabati ambako mchana panachoma. Ikipata joto sana inajipunguzia nguvu. Tuliacha nafasi pande zote, na kwenye dirisha tukaweka wavu mwembamba, maana mende na mijusi hupenda joto la feni.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuipangia utaratibu. Niliiweka itumie jua kwanza, halafu betri, halafu stima ya laini betri ikishuka hadi asilimia 30. Kuna mpangilio mwingine unaohusu volti za laini: ukiweka ule wa kompyuta, inahama kutoka stima kwenda betri kwa milisekunde 10 hivi, lakini inaikataa stima ikishuka chini ya volti 170. Ukiweka ule wa vyombo vya kawaida, inakubali hadi volti 90 na inahama kwa milisekunde 20. Huku kwetu jioni kila mtu akiwasha, volti hushuka sana. Nilichagua ule wa kompyuta, kwa sababu stima dhaifu hivyo sitaki iifikie friji yangu, na betri ipo.

Hita ya kuogea ya papo kwa hapo nimeiacha kwenye stima ya laini, pamoja na jagi la umeme. Hita peke yake inaweza kupita kilowati 5 na sitainunulia inveta kwa ajili yake. Ninachopanga kuongeza ni betri ya pili ya aina ileile, ifungwe sambamba na hii, kabla hii haijazeeka sana, ili mashine ya pili ya mayai ipate usiku wake.