Umtaaluma wangu na ile karatasi ya ukutani

Ukisema uongozi shuleni watu akili zinaenda kwa mwalimu mkuu tu, ofisi yenye pazia na mhuri. Mimi huku Newala mhuri sijapewa, nilichopewa ni umtaaluma, yaani kusimamia ufundishaji wa walimu wenzangu, tena kwa vile aliyekuwepo alihama na kwenye kikao wote wakainamisha vichwa, mie ndo nikawa nimeinua.

Wiki ya kwanza nikajiona bosi. Nikaandika majina ya ambao hawajaleta maandalio ya somo nikabandika ukutani ofisini, na wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja aliyeshika chaki mimi hata sijazaliwa. Hakusema kitu. Alisoma, akavua miwani akaifuta na ncha ya kitenge, akaenda zake darasani. Mchana nikamwamkia shikamoo, ikaja marahaba ile ya pembeni isiyokutazama usoni. Maandalio yaliletwa kweli ila yamenakiliwa ya mwaka jana, mengine hadi tarehe ileile jamani 😂

Kilichonifungua macho ni korosho. Huku mwezi wa 10 watoto wanapungua, wako mashambani wanaokota na bibi zao, na ndo mwezi huohuo darasa la nne wana upimaji wa taifa. Mimi nikataka twende kwa mtendaji wazazi waandikiwe barua. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo barua itafika korosho zishaingia ghalani." Jioni akanichukua tukaenda kwa bibi mmoja, tukakaa chini ya mkorosho harufu ya mabibo imejaa puani, na yule mama neno shule hata halitaji, anamsaidia bibi kutenganisha korosho na mabibo huku anauliza habari za mnada, bei imesimama wapi, chama kimeshalipa au bado, imepita kama nusu saa hivi ndo anasema huyu mjukuu tugawane basi, asubuhi wetu, mchana wako. Bibi akacheka, akakubali. Tukaenda kwa wengine wanne siku hiyo, mimi natembea nyuma tu kama mwanafunzi.

Kesho yake nikawahi ofisini nikaibandua ile karatasi kabla hajafika.

Sasa hivi kazi ya mtu ikichelewa namfuata mwenyewe, tunaongea. Mwalimu wetu wa hisabati kumbe alikuwa anachelewa kwa sababu ya foleni ya maji alfajiri (anayeijua Newala hapa nisimweleze), nikamsogezea vipindi vyake baada ya chai, yakaisha. Na vile vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ambavyo nilikuwa naviongoza kwa kusoma moduli mpaka watu wanasinzia, nikamwomba yule mama atuonyeshe anavyowafundisha kusoma wale wa la nne waliobaki nyuma. Siku hiyo hakusinzia mtu.

Walimu wakuu wanapelekwa ADEM, kile chuo cha uongozi wa elimu Bagamoyo, kusomea uongozi, nami nikiitwa naenda hata kesho, nauli wanipe tu.

Yule mama andalio bado analeta Jumanne badala ya Jumatatu. Ila siku hizi lina tarehe ya mwaka huu.