Nilivyopata KKS ya namba nne kwa ajili ya nguzo za uzio wa mjomba

Mjomba ana kiwanja Chanika, kina pande nne na hakuna hata mbili zinazolingana, sasa alitaka azungushie seng'enge kwa nguzo za zege. Akasema kila kona iwe na nguzo, halafu nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe ileile pande zote, asije akaona huku pengo pana kule zimebanana. Na nguzo ziwe chache iwezekanavyo, maana zege siku hizi bei yake mnaijua. Fundi akanigeukia, dada wewe si ndo mtu wa mahesabu, tupigie basi.

Tukapima kwa tepu tukapata mita 28.6, 33.8, 20.8 na 36.4. Mi sipendi kuhangaika na desimali kwahiyo nikazidisha kila moja kwa 10, zikawa 286, 338, 208 na 364. Hapo swali limeshageuka kuwa KKS, kile kigawo kikubwa cha shirika cha darasani, kwa sababu nafasi tunayoitafuta lazima igawe kila upande bila kubakiza kitu.

Binamu yangu yuko darasa la sita, akachukua karatasi akaanza kugawanya kwa namba tasa kama wanavyofundishwa. 2 ikaingia kote, zikabaki 143, 169, 104 na 182. Akajaribu 3, ikagoma, 5 ikagoma, 7 inaingia kwenye 182 peke yake, akafunga akasema KKS ni 2. Yaani nguzo kila sentimita 20, nguzo 598! Na simlaumu kabisa, watu wengi wanaishia hapohapo, maana 143 na 169 ukiziangalia haraka huoni kinachozigawa, mpaka ufike 13 na wachache wanafika huko.

Mi natumia njia ya baki na naipenda sana. Unachukua namba ndogo kuliko zote, unagawanya nyingine zote kwa hiyo, unaandika mabaki tu, kilichotoka sifuri unakitupa, halafu unarudia na namba ndogo mpya. Ndogo hapa ni 208. Ukigawa 286 inabaki 78, 338 inabaki 130, 364 inabaki 156, na 208 yenyewe unaendelea nayo. Sasa ndogo ni 78: 130 inabaki 52, 156 inakwisha, 208 inabaki 52. Una 78 na 52 tu (52 zipo mbili lakini moja inatosha). 78 kwa 52 inabaki 26, na 52 kwa 26 inakwisha. Imebaki 26 peke yake, ndo KKS, na sijagusa namba tasa hata moja.

Nikamwelekeza binamu kwanini inakubali, kwa sababu mbinu bila sababu inasahaulika wiki ijayo: namba yoyote inayogawa 208 na 286 ni lazima igawe pia tofauti yao, 78, kwahiyo ukiweka 78 mahali pa 286 hujapoteza kigawo chochote cha shirika na hujaongeza kipya. Namba zinapungua, jibu linabaki lilelile. Wazo lenyewe ni la Euclid wa Aleksandria kule Misri, miaka kama 300 kabla ya Kristo, alilionyesha kwa namba mbili kisha kwa tatu, na halijachakaa mpaka leo, hata kwa namba za tarakimu nyingi ambazo kutafuta vigawo vyake tasa kungekutesa.

Basi 26 ni mita 2.6. Nguzo 11, 13, 8 na 14, jumla 46, kona zote zimeshahesabiwa, na geti likachukua nafasi moja ya hizo mita 2.6. Vipimo vikikubali hivi ni bahati pia, kwa sababu ingetoka 1 ingebidi mjomba akubali nafasi zitofautiane kidogo upande kwa upande, hakuna hesabu ya kukwepa hilo.

Mwenye Excel kwenye simu anaweza kuhakiki kwa kuandika =GCD(286,338,208,364), itampa 26. Ila mwanafunzi mwache kwanza afanye kwa mkono, mistari minne tu inamtosha.