Siku moja maishani mwangu: siku ya kumtafuta wakili wa nishati, Dodoma

Saa 11 alfajiri

Julai ya Dodoma ina upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa. Nimekaa jikoni, sweta mwilini, kitenge mabegani, chai ya tangawizi mkononi, na mafaili matatu mezani. Tulipotangaza kazi yalikuja maombi thelathini na saba, na baada ya kuchambua wamebaki watatu. Leo tunawasikiliza wote.

Tunatafuta wakili mwenye miaka isiyopungua kumi kazini, anayeijua sheria ya nishati na ameshashughulikia miungano na ununuzi wa kampuni. Mmoja, awe na yote mawili. Wenye moja kati ya hayo wapo wengi.

Nieleze kwa nini. Ofisi yetu ina mawakili sita, na nishati tuliijua kupitia mashamba ya watu. Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Limepita Kondoa na Chemba, na sisi tulibeba mafaili ya fidia ya wakulima wa huko. Ardhi tunaijua. Sasa mwezi wa tano alinipigia simu mteja wetu wa Singida. Yeye na wadogo zake wawili wana kampuni ndogo ya umeme wa jua inayoiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa. Mnunuzi kutoka nje anataka asilimia 60 ya hisa.

“Dada yangu,” aliniambia, “wale wamekuja na mawakili wanne. Sisi tutakuwa na nani?”

Swali hilo nimelala nalo na nimeamka nalo tangu siku ile.

Saa 1 na nusu asubuhi

Ofisini mapema. Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo, ananipokea kwa “Mbukwenyi” yake kila siku na hainitoshi, namwongezea shikamoo.

Kazi ya kwanza ni kuhakiki majina ya wote watatu kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama unaoonyesha kama mtu yumo kwenye orodha ya mawakili na kama cheti chake cha uwakili cha mwaka huu ni hai. Inachukua dakika chache. Wapo wanaoona ni kumvunjia heshima mtu aliyeapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Mimi naona ni kuilinda heshima hiyo, maana vishoka, mawakili feki, wapo, na wanavaa suti nzuri.

Wote watatu wako sawa. Lakini e-Wakili haikuambii mtu amefanya nini. Miaka kadhaa nyuma tuliajiri mtu aliyekuja na orodha ndefu ya mikataba aliyoshiriki. Ilipofika kazi tukagundua kwamba ndani ya mikataba ile yeye alikuwa anapanga nyaraka. Si dhambi kupanga nyaraka, wote tulianzia huko. Tatizo ni kwamba mteja alikuwa ameshaniamini mimi, nami nilikuwa nimemwamini yeye. Faili lilihamia ofisi nyingine Dar es Salaam na halikurudi. Tangu hapo, kwa kila mkataba ulioandikwa kwenye wasifu nauliza mambo mawili: wewe uliandika kifungu kipi, na ni wapi ulikwama.

Saa 3 asubuhi

Wa kwanza ana miaka kumi na minne kazini, sauti nzito, anajieleza vizuri sana. Anaijua Sheria ya Umeme ya 2008 kwa vifungu. Tulipomuuliza ni wapi alikwama, alifungua mkoba akatoa mkataba wa hisa wa mteja wake wa zamani ili atuonyeshe kifungu alichokiandika. Majina yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, jina moja lilisahaulika. Nililiona, na mzee, mshirika wangu wa ofisi aliyekaa kulia kwangu, akaliona pia.

Niliusukuma ule mkataba nikamrudishia, nikamwomba aufunge.

Tulimaliza mahojiano kwa adabu zote, lakini kwangu yaliishia pale. Kifungu chenyewe kilikuwa kizuri kweli, na hilo linaniuma mpaka sasa. Mteja akiuza kampuni anakuachia siri zake zote: madeni, ugomvi wa kifamilia, bei ya chini kabisa anayoweza kuikubali. Kesho huyu angekaa kwenye ofisi nyingine na karatasi za ndugu zangu wa Singida mkobani.

Saa 5 asubuhi

Wa pili ni mtu mwaminifu na alituambia mwenyewe kwamba upande wa miungano amesoma zaidi kuliko alivyofanya. Nilimshukuru. Hakuchukua hata nusu saa.

Saa 7 mchana

Ugali na mlenda kwa mama ntilie wa nyuma ya ofisi. Mzee hakuzungumzia mahojiano hata kidogo. Alizungumzia zabibu za shamba lake la Hombolo.

Saa 8 mchana

Wa tatu ni dada wa miaka arobaini hivi, amekuja jana jioni kutoka Dar na treni ya mchongoko. Alikaa, akaweka kalamu mezani, na nilipoanza tu kusema “tuna mteja wa Singida” akaninyooshea kiganja.

“Samahani wakili msomi. Usinipe habari za mteja. Sijajua mnunuzi ni nani, na inawezekana nimewahi kumwakilisha. Nipe mfano wa kutunga.”

Nilinyamaza kidogo. Alikuwa sahihi kabisa, na mimi ndiye niliyekuwa nataka kuteleza.

Basi nikatunga. Kampuni ya umeme wa jua chini ya megawati 10. Mmiliki wake ni kampuni mama iliyosajiliwa Mauritius. Mnunuzi ananunua hisa nyingi za ile kampuni mama huko huko Mauritius, hapa nchini hakuna karatasi hata moja inayobadilika jina. Unaanzia wapi?

Aliomba karatasi, akachora maboksi matatu na mishale, akatugeuzia.

Alisema wanasheria wengi wangeanza na mkataba wa hisa. Yeye angeanza na orodha ya watu wanaoweza kusema hapana, kisha awapange nani aendewe kwanza. Yupo EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kwa sababu leseni haihamishwi bila ridhaa yake, na kubadilika kwa mwenye kauli ndani ya kampuni ni jambo la kumweleza mapema, asije akalisoma gazetini. Ipo Tume ya Ushindani: muungano ukifikia kiwango cha kutolewa taarifa, hauruhusiwi kukamilika kabla ya kibali, na faini yake inahesabiwa kutoka kwenye mauzo ya mwaka ya kampuni. Ipo TANESCO kama mnunuzi wa umeme. Miradi hii midogo hutumia mkataba wa kiolezo wa EWURA, na watu huona uvivu kuusoma kwa sababu ni kiolezo. Yeye alisema husoma kila neno, kwa sababu mnunuzi analipia miaka iliyobaki ndani ya ule mkataba. Ipo benki iliyokopesha.

“Halafu kodi,” akasema, akapigia mstari boksi la chini, lile la Tanzania. Sheria ya Kodi ya Mapato: umiliki wa wale walio nyuma ya kampuni ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganisha na wakati wowote ndani ya miaka mitatu iliyopita, kampuni inahesabiwa kuwa imeuza mali zake kwa bei ya soko, hata kama haijauza msumari. “Fedha ameipokea mwenye hisa Mauritius. Bili ya kodi inafika hapa. Msipoandika kwenye mkataba nani anailipa, itamwangukia aliyebaki ndani ya kampuni.”

Nilifikiria asilimia 60. Nikafikiria wale ndugu watatu watakaobaki na 40.

Mzee alimuuliza swali lake gumu: sheria mbili za 2017 za utajiri na maliasili za nchi, ile ya mamlaka ya kudumu na ile ya kupitia upya masharti hasi ya mikataba, zinaligusa jua?

“Mzee, hilo sitalijibu kwa kichwa. Nitaisoma tafsiri ya maneno ndani ya sheria zenyewe, nikujibu kwa maandishi.”

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mahakamani akiridhika.

Nikamuuliza kwa nini aache Dar. Akajibu kwamba Wizara ya Nishati iko Mtumba, EWURA iko hapa, Makao Makuu ya Mahakama yako hapa, na yeye amechoka kulala hotelini kila akiwa na kikao. Mume wake anafanya kazi Dar. Wameshakubaliana, treni ipo. Aliuliza shule za watoto, na kama maji ya Ilazo ni ya chumvi. Nilimwambia ukweli kuhusu maji.

Saa 11 jioni

Hatukubishana. Tulichojadili ni mshahara. Anachoomba ni zaidi ya tulichopanga, na mshirika wetu wa tatu alitaka tumpunguze. Nilikataa. Ukimbana wakili wa kiwango hiki siku ya kwanza, atakaa kwako akiangalia mlango. Tulikubaliana apate anachoomba, gari la ofisi lisubiri mwakani.

Kisha nikawapigia wadhamini wake wawili. Kwa kila mmoja swali lilikuwa moja: faili lilipoharibika, huyu alikuwa wapi? Wa pili alicheka kidogo akasema, “Alikuwa ofisini, saa nane za usiku, na mimi nilikuwa nimelala.”

Saa 1 usiku

Dada alirudi ofisini akasaini hati ya kutunza siri. Hapo ndipo nilipomtajia mnunuzi na kampuni zake zote. Hajawahi kuwafanyia kazi. Nikampa barua ya ajira. Aliisoma yote, mpaka kifungu cha likizo, akaweka sharti moja kwa kalamu: tangu siku ya kwanza awe na kijana mmoja wa kujifunza naye kila hatua, kuanzia ule mchoro wa maboksi. Nikaweka sahihi pembeni ya sharti lake. Kijana ninaye tayari, binti aliyemaliza Shule ya Sheria mwaka jana, sijamwambia bado.

Saa 2 na robo usiku

Nilipiga simu Singida kabla sijawasha gari.

“Kaka, shikamoo.”

“Marahaba dada. Habari za huko?”

“Nzuri. Mmempata mtu wenu.”

Alikaa kimya, nikasikia anawaita wadogo zake. Kisha akauliza, “Anaijua Singida?”

“Bado. Jumamosi namleta. Atataka kuuona mkataba wa TANESCO, ule wenyewe wenye sahihi, si nakala. Utafuteni leo.”

“Uko kwa mama, ndani ya sanduku.”

“Basi mwambieni mama tunakuja.”