PS4 (mashine ya michezo ya video) inazima yenyewe: lawama ni vumbi na pesti iliyokauka

Dalili: feni inavuma kama mashine ya kusaga, na baada ya dakika 20 za mchezo wa mpira PS4 inatoa onyo la joto kisha inazima. Hapa Kampala, nyumba ikiwa kando ya barabara ya marramu, mshukiwa wa kwanza ni vumbi jekundu, si ubao wa saketi wa ndani.

Nilichomoa nyaya zote na kungoja nusu saa, maana kapasita za pawa huhifadhi umeme. Skrubu za nyuma ni T8 (kichwa cha nyota ya ncha sita) yenye tundu katikati. Bisibisi ya nyota ya kawaida haiingii, na ukilazimisha utaharibu kichwa cha skrubu. Kabla ya kupuliza vumbi, shika feni kwa kidole: ikizungushwa kwa kasi huzalisha umeme unaorudi kwenye ubao. Mapezi ya chuma yanayopoza prosesa yalikuwa yamezibwa na tabaka nene kama blanketi. Brashi ya rangi ya inchi 1 ilitosha.

Kiini kilikuwa pesti ya prosesa (inayopitisha joto kutoka prosesa hadi kwenye mapezi), imepasuka kama udongo wa kiangazi. Niliifuta kwa spiriti ya asilimia 99. Ile ya 70 ya duka la dawa inafaa pia, ila ina maji, basi iache ikauke kabisa. Pesti mpya: kiasi cha punje ya njegere, katikati. Skrubu mbili za kibanio kinachobana prosesa kwenye mapezi zikazwe kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, la sivyo prosesa inabanwa upande mmoja. Vile vipande laini vya kupitisha joto juu ya memori visichanike.

Saa mbili za mpira, haikuzima.