Usivue mteremko nguo zote siku moja

Kichaka cha lantana, mmea mgeni unaovamia ardhi, kinaudhi, lakini mteremkoni kina kazi ya maana: majani yake yanavunja nguvu ya matone ya mvua, na mizizi imeshika udongo. Ukikiondoa chote kwa mkupuo, mvua kubwa ya kwanza inakuta ardhi tupu. Matone yanavunjavunja mabonge ya udongo, chembe laini zinaziba vitundu, maji yanakosa pa kuingia na yanaanza kutiririka. Kinachotangulia kuondoka ni udongo wa juu, uleule ambao mimea ya asili inauhitaji ili irudi. Kwa hiyo eneo la kufyeka lisipimwe kwa wingi wa mapanga, bali kwa matandazo na miche uliyonayo ya kulifunika kabla ya mvua kubwa.

Pima mteremko kwanza. Laza fimbo ya mita 1 sawasawa kwa pimamaji, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, kisha pima kutoka ncha ya pili kwenda chini. Sentimita 30 maana yake ni mteremko wa asilimia 30. Kuanzia hapo, kung'oa visiki nakupinga kabisa. Sururu inaacha shimo lenye udongo uliotifuliwa, na maji hayahitaji zaidi ya hapo kuanzisha mfereji. Kata shina sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mizizi ibaki. Kwa kuwa lantana huchipua tena, paka kisiki dawa ya kuua magugu iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, kwa brashi, ndani ya dakika chache, hasa kwenye pete iliyo chini tu ya gamba. Ukichelewa, jeraha linakauka na dawa haipenyi. Usinyunyize ovyo, maana utaua na nyasi zinazokushikia udongo.

Mizizi iliyokufa nayo inaoza. Kwenye miti mikubwa kama miwati, nguvu yake hupungua mwaka hadi mwaka, na maporomoko yanaweza kuja miaka kadhaa baada ya kukata, wakati kila mtu ameshasahau. Mizizi mipya lazima iwe imeshashika kabla ya hapo.

Fyeka kwa mikanda inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa mmoja, ukianzia juu: mkanda wa mita 3 hadi 5, kisha uache wa upana uleule umesimama ili unase udongo unaoteremka. Mkanda ulioachwa usizae. Kata maua na matunda mabichi, maana ndege hueneza mbegu. Utaukata pale jirani yake atakapokuwa amefunikwa vizuri. Namna ya kujua ni rahisi: tembea hatua 100 na kila hatua utazame ncha ya kiatu. Ikiangukia udongo mtupu zaidi ya mara 30, subiri.

Matawi uliyokata ndiyo kinga yako ya kwanza, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Rundo la matawi yanayobenuka ni daraja tu. Maji hupita chini yake. Yakatekate, yapange mstari unaofuata kontua, yakanyage mpaka yaguse ardhi urefu wote, halafu yafunge kwa vigingi vya sentimita 60 vilivyopigwa hadi nusu, kila mita 1, upande wa chini. Ncha za mstari zipinde kuelekea juu, la sivyo maji yatazunguka pembeni. Usitumie matawi yenye mbegu, na ya lantana yakauke kwanza, kwa kuwa vipande vibichi huweza kuota mizizi kwenye unyevu. Kuchoma usichome: moto unakula matandazo, na mbegu za miwati zilizolala ardhini huamshwa na joto lake.

Mvua zikianza, panda nyasi za mashina, kwa mfano vetiva, juu kidogo ya mstari wa matawi, nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Pengo moja ndani ya safu hukusanya maji yote mahali pamoja, hivyo shina lililokufa lirudishie mapema.

Baada ya kila mvua kubwa, pita ukague. Kijifereji chenye kina cha kidole kinazibika kwa mawe na matawi. Anzia juu, pale maji yanapoingilia. Ukiziba chini peke yake, yatachimba pembeni.