Sifa za Mdogo Mtu Aliyebeba Sauti

Bagamoyo, Jumapili jioni

Nimekuwa nikizitazama upya filamu za Albert na David Maysles, ndugu wawili wa Boston, Marekani, waliofanya kazi pamoja tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi David alipofariki mwaka 1987. Kaka mtu alibeba kamera begani, mdogo mtu alishika kinasa sauti. Wengi wanaowasifu huanza na jicho la Albert, na hawakosei, ila mimi leo sifa zangu nampelekea David.

Ndugu hawa hawakuweka msimulizi wala hawakumpangia mtu la kusema. Waliingia nyumbani kwa watu na vifaa vyepesi, wakasubiri maisha yaendelee. Kwa utaratibu huo mshika kamera anaweza kuchelewa na picha ikaokolewa baadaye kwenye uhariri, lakini neno lililopita bila kunaswa halirudi, kwa hiyo David alipaswa kuwa tayari kila mtu alipofungua kinywa.

Filamu yao niipendayo kuliko zote ni Salesman ya mwaka 1969, waliyoigharimia wenyewe. Inawafuata wanaume wanne wanaouza Biblia za bei ghali mlango kwa mlango kwa familia za Kikatoliki, nyingi zikiwa za kipato kidogo, kwa malipo ya kidogo kidogo. Hapa kwetu Dunda, ambako wauza vyombo na mashuka hupiga hodi na daftari la madeni mkononi, hakuna atakayehitaji kuelezwa mambo hayo. Muuzaji anayebeba filamu ni Paul Brennan, mtu mzima ambaye biashara imeanza kumkataa. Kuna mahali muuzaji yumo katikati ya maelezo yake, baba mwenye nyumba anawasha santuri, wimbo wa Beatles uliopigwa na okestra, na muziki unavuma sebuleni huku mazungumzo ya pesa yakiendelea. Ucheshi na huzuni ya mahali pale vimo katika sauti. Ukiizima, unabaki na watu wamekaa tu kwenye makochi.

Haki itendeke pia kwa Charlotte Zwerin, mhariri aliyeupa mkusanyiko ule wa picha umbo la hadithi, na ambaye ametajwa kuwa mwongozaji pamoja nao. Si kila mwenye kamera hukubali kugawana cheo hicho.

Grey Gardens ya mwaka 1975 ndiyo iliyowaletea lawama. Inawaonyesha mama na binti, jamaa wa Jacqueline Kennedy Onassis, aliyekuwa mke wa Rais John F. Kennedy wa Marekani, katika jumba lao lililochakaa huko East Hampton, jimbo la New York, na wapo waliosema kwamba wanawake wale walidhalilishwa. Lawama hiyo naielewa, lakini siikubali yote: wale wawili wanazungumza na ndugu hawa kama na wageni waliozoeleka, wanawatania, na binti hafichi kwamba anavutiwa na David. Ingekuwa filamu ya kuwachungulia, maneno hayo ya utani yangekatwa.

Nayaandika haya kwa sababu ya vijana wawili wa jirani yangu, kaka na mdogo wake, wanaopiga picha za harusi na sasa wanatengeneza filamu fupi juu ya mnada wa samaki hapa ufukweni. Niliwatazama wakiwa kazini. Kaka mtu alikuwa amewakazia macho samaki, ilhali mdogo wake alikuwa ameusogeza mkono wenye maiki chini kidogo ya kiwiko cha dalali, akinasa bei ikipanda na mama mmoja nyuma akinung'unika kwamba changu wale ni wa jana. Kamera haikumwona mama yule hata kidogo. Wakati wa kuhariri kaka alitaka kumwondoa, mdogo akagoma, wakaja kwangu niwaamue. Nikasema mama abaki, na kwamba majina yao yaandikwe mstari mmoja. La kwanza walikubali. La pili bado wanabishana, kila mmoja akitaka lake litangulie.